Maana za Neno "Chombo" Jikoni, Baharini na Serikalini

Katika maneno ya Kiswahili ambayo hapana mtoto asiyeyajua wala mzee asiyeyatumia kila siku, chombo ni mojawapo. Mwanafunzi wa lugha huambiwa mapema kuwa maana yake ni kitu cha kutilia vitu, naye akatosheka. Kisha hufika pwani akaambiwa kuwa chombo kimeng'oa nanga alfajiri; hufungua gazeti akasoma kuwa vyombo vya dola vinamshikilia mtu fulani; huvuka kwenda Unguja akaulizwa leseni ya chombo cha moto. Hapo hujiuliza kama neno alilofundishwa ni moja, au kama ni maneno matatu au manne yaliyofanana sauti kwa bahati. Desturi ya watungaji wa kamusi ni kuziorodhesha maana hizo kwa tarakimu, moja chini ya nyingine, bila kueleza kilichoziunganisha. Orodha ya namna hiyo humfaa mwenye haraka. Mwenye kutaka kujua mwendo wa lugha haimtoshi.

Neno lenyewe ni la Kibantu, wala si la kuazima. Umbo lake ni ki- na -ombo, na kiambishi hicho kilipokutana na irabu ya shina kiligeuka ch-, kama ilivyokuwa katika chuma, chanda na chakula. Wingi wake katika Kiswahili sanifu ni vyombo. Kwa wasemao lahaja za kaskazini, Lamu hasa, ni zombo, kama vile vyuo husemwa zuo na vyote husemwa zote. Ukubwa wake ni jombo. Ushahidi huu wa umbo wafaa kukumbukwa, maana wako wanaolihusisha neno hili na makombo ya chakula, kwa kuwa makombo hubaki vyomboni. Uhusiano huo haupo. Katika makombo sauti ya k ni ya mzizi wenyewe, nayo yatokana na kukomba, yaani kukwangua kilichobaki; katika chombo sauti ya kwanza ni ya kiambishi tu, nayo huondoka mara neno lipatapo kiambishi kingine. Kwa sababu hiyo hiyo kombe na kikombe si ndugu zake, japo huwekwa kabati moja.

Jambo la kwanza la kutazamwa ni kwamba si kila kitu chenye uwazi ndani huitwa chombo. Pango halikuitwa hivyo kamwe, wala shimo, wala kifuu kilichoanguka kikapasuka chenyewe chini ya mnazi. Lakini kifuu hicho kikisha kusafishwa na kutiwa mpini, kikawa kata ya kutekea maji, kimeingia katika hesabu ya vyombo. Buyu lililo mtini ni tunda. Likikaushwa, likatolewa mbegu na kutiwa maji au tembo, ni chombo. Gogo lieleapo mtoni haliwi chombo hata likibeba watu watatu. Likichongwa likawa mtumbwi, ni chombo. Basi sharti la kwanza la neno hili ni mkono wa mtu: kitu kiwe kimetengenezwa, au kimetayarishwa, kwa ajili ya kazi. Sharti la pili ni kwamba kazi hiyo iwe ya kubeba au kutenda kwa niaba ya mwenyewe. Masharti haya mawili ndiyo yaliyolipa neno upana wake, na kila maana iliyoongezwa baadaye imepita katika mlango mmoja au wa pili.

Mfano wa mtumbwi una faida nyingine. Mtumbwi na kinu huchongwa kwa namna moja, kwa kufukua moyo wa gogo mpaka libaki ganda, na kwa fundi wa zamani tofauti yake ilikuwa ukubwa na umbo, si ufundi. Hivyo hapana ajabu jiko na bahari kutumia neno moja. Tena si jina tu linalounganisha mahali hapa pawili, bali na vitenzi. Mpishi hupakua wali katika sufuria, na wachukuzi hupakua shehena jahazini. Mtungi huvuja na mashua huvuja. Sahani huvunjika sakafuni na jahazi huvunjika mwambani. Hata maji yaingiayo ndani ya chombo cha baharini hutekwa na kumwagwa nje kwa kata ile ile ambayo ingaliweza kukutwa mtungini. Mwanafunzi akiisikiliza lugha ya nahodha na lugha ya mpishi kwa pamoja, atakuta kuwa ni moja katika mambo mengi kuliko anavyodhani.

Husemwa mara kwa mara, hasa na waliosoma Kiingereza kwanza, kwamba maana ya baharini ni tafsiri: kwamba Wazungu walikuwa na neno moja kwa sufuria na kwa jahazi, nao wakawapa Waswahili mazoea hayo. Dai hili ni dhaifu. Mithali zenyewe zakataa. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Chombo cha kuzama hakina usukani: hizi si mithali za watu waliojifunza bahari kwa vitabu vya wageni. Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 alikuta bandari yenye mabaharia wa karne nyingi, na lugha yao ya kazi ilikuwa imekwisha kukomaa. Kwa upande mwingine, upo ushahidi kwamba Waswahili hawakufuata mkondo wa lugha hizo hata pale ambapo ungaliwafaa. Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu vyote huita njia za damu mwilini kwa jina la vyombo. Kiswahili hakikufanya hivyo. Njia za damu ni mishipa, nalo ni neno la kamba na nyuzi, si la vitu vya kutilia. Lugha mbili zaweza kufika mahali pamoja kila moja kwa miguu yake.

Hata hivyo maana ya jikoni na ya baharini, ingawa asili yake ni moja, zimetengana katika matumizi kwa njia ambayo kamusi hazijaionyesha ipasavyo. Tofauti iko katika idadi. Mtu wa pwani akisema chombo katika umoja, bila kuongeza neno, kama vile chombo kimefika au amekuja kwa chombo, aghalabu atafahamika kuwa anasema juu ya jahazi, mashua au dau. Akisema vyombo katika wingi, bila kuongeza neno, kama vile ameosha vyombo au vyombo viko wapi, atafahamika kuwa anasema juu ya sahani, sufuria na bakuli. Ili kuigeuza hali hiyo yampasa kuongeza kitu: vyombo vya baharini, chombo cha maji. Umoja umetwaliwa na bahari, na wingi umetwaliwa na jiko. Sababu yake si ngumu kuiona, kwa kuwa nahodha huwa na chombo kimoja, na jiko halina sahani moja. Hata mithali isemayo kuwa chombo kilichopikiwa samaki hakiachi kunuka vumba imelazimika kutaja upishi mara moja ili msikilizaji asielekee pwani.

Meli zilipokuja hazikuitwa chombo kwa jina la kwanza. Iliyokuja kwa moshi ilipata jina la meli. Ya vita ikawa manowari. Na yote mawili yalitoka katika Kiingereza cha bandarini. Siku hizi pantoni na feri zina jina zuri la kivuko, ambalo limeundwa kwa kitenzi cha nyumbani. Lakini neno la zamani halikufukuzwa. Lilipanda ngazi, likawa jina la jumla. Kivuko MV Nyerere kilipopinduka katika Ziwa Victoria karibu na kisiwa cha Ukara, Septemba 2018, habari zilianza kwa neno kivuko, na katika sentensi ya pili au ya tatu zikasema chombo hicho. Vivyo hivyo kwa meli Spice Islander I iliyozama mwaka 2011 baina ya Unguja na Pemba. Neno lililokuwa la jahazi sasa hukusanya kila kieleacho, na mwandishi hulikimbilia kila atakapo kuepuka kurudia jina.

Maana ya tatu, ile ya kitu cha kufanyia kazi, imepatwa na mambo tofauti. Zamani vyombo vya seremala vilikuwa msumeno, randa na tezo, na vyombo vya vita vilikuwa silaha. Matumizi hayo yangali yanafahamika, lakini yamepungua sana, kwa kuwa yamesongwa na maneno mawili. Zana imechukua shamba na vita. Kifaa, kilichotokana na kufaa, kimechukua shule, hospitali na karakana. Wanamuziki wameshika ala, na wataalamu wa fonetiki wakawafuata, wakasema ala za kutamkia. Hivyo fundi wa leo ana vifaa, mkulima ana zana, mpiga zumari ana ala, na neno chombo limebaki kwa mkewe fundi jikoni. Ni ajabu basi kwamba maana hii hii, iliyofukuzwa karakanani, ndiyo iliyoingia serikalini na kupata utukufu.

Kabla ya kufika huko, yafaa kutaja nyumba kidogo. Vyombo vya nyumba si sahani peke yake: ni kitanda, kabati, godoro, viti, mikeka, na hata cherehani. Maneno samani na fanicha yamesaidia kupunguza mzigo huu, lakini hayajaufuta. Katika visiwa vya Unguja na Pemba mke aachwaye hudai vyombo vyake, na shauri hilo hufika mbele ya kadhi. Hapo upana wa neno si jambo la wanafunzi wa lugha tena. Mume akikiri kwamba vyombo ni vya mke, je, amekiri sahani au amekiri kitanda? Mazoea ya watu humjibu kadhi kuliko kamusi, nayo husema kuwa kitanda kimo. Mtungaji wa kamusi asiyeandika maana hiyo kwa sababu yaonekana ya zamani atakuwa amemnyima msomaji wake jambo linalopimwa kwa mali.

Wafasiri wa Biblia nao walilinyoosha neno. Katika tafsiri ya Union, iliyotoka 1952, mtu mwenyewe aweza kuitwa chombo, kama Paulo alivyoitwa katika Matendo ya Mitume. Wafasiri walifuata neno la Kiyunani skeuos, ambalo nalo ni la vyombo vya nyumbani na pia la zana za merikebu. Neno hilo na la Kiswahili zalingana kwa namna ya kushangaza, na huenda hapana mahali pengine katika tafsiri hiyo ambapo mfasiri alipata kazi nyepesi kama hapa.

Sasa kwa serikali. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 4, hugawa shughuli za mamlaka ya nchi kwa vyombo: viwili vya utendaji, viwili vya kutoa haki, viwili vya kutunga sheria, kwa Muungano na kwa Zanzibar. Kwa maana hiyo Bunge ni chombo, Baraza la Wawakilishi ni chombo, na Mahakama ni chombo sawasawa na Serikali. Matumizi haya ni safi, nayo yafuata ile maana ya kitu kitendacho kazi kwa niaba ya mwenyewe, na mwenyewe hapa ni wananchi. Lakini mtu akiuliza barabarani vyombo vya dola ni nini, hataambiwa Bunge. Ataambiwa polisi, magereza, jeshi na usalama. Neno ambalo Katiba imelitumia kwa mikono yote ya nchi limekaza maana likabaki kwa ule mkono ushikao rungu. Hapana sheria iliyoamuru hivyo; ni matumizi ya magazeti na hotuba yaliyofanya.

Madhara yake si ya lugha tu. Ngeli ya ki- na vi- ni ngeli ya vitu, na sentensi kama vyombo vya dola vimemchukua haina mtu ndani yake. Aliyechukuliwa ana jina. Aliyechukua ni vi-. Lau ingeandikwa askari wamemchukua, msomaji angaliuliza mara moja: askari gani, wa kituo kipi, kwa amri ya nani? Vyombo haviulizwi. Sahani haiulizwi kwa nini imebeba wali. Si lazima mwandishi awe na nia ya kuficha. Sarufi yenyewe humfichia. Mhariri ambaye angetaka habari zake ziwe na watendaji, ingemtosha kulikataza neno hili katika sentensi za kukamata na kuachia, na kudai jina la kazi au la ofisi mahali pake.

Vyombo vya habari vina mjadala wa jinsi hiyo hiyo, ila umejificha zaidi. Gazeti la Uhuru, lililoanza mwaka 1961 chini ya TANU, lilikuwa chombo cha chama, na hapana aliyeona haya kulisema, kwa sababu maana ilikuwa wazi: ni kitu mkononi mwa mwenye nacho, kama tezo mkononi mwa seremala. Baadaye usemi ulienea, ukawa wa magazeti yote, redio na televisheni, wala haukutajwa tena mwenyewe ni nani. Badala ya chombo cha chama fulani pakawa na chombo cha habari. Hapo neno lilihama kimyakimya kutoka mlango wa kutenda hadi mlango wa kubeba: kama vile mtungi ni chombo cha maji, redio ni chombo cha habari, hubeba kilichotiwa. Ubishi mwingi juu ya uhuru wa waandishi, ukitazamwa kwa makini, ni ubishi baina ya maana hizi mbili. Mmoja husema chombo akikusudia mtungi, nao haupaswi kubadili ladha ya maji. Mwingine husema chombo akikusudia tezo, na huuliza iko mkononi mwa nani. Wote wawili wasema Kiswahili sahihi, kwa hiyo hawasikilizani.

Walimu wa lugha hawana haki ya kuwacheka wenzao, maana nao wameandika katika vitabu visivyo na idadi kwamba lugha ni chombo cha mawasiliano. Sentensi hiyo hukaririwa na wanafunzi kama shahada. Kilichomo ndani yake ni mfano, si maelezo, na ni mfano wenye upungufu. Chombo huwekwa chini kazi ikisha, lugha haiwekwi. Chombo huwapo kabla ya mwenye kukitumia kukishika, naye hubaki yule yule akikiacha. Mtu hakui nje ya lugha kisha akaichukua kabatini. Mfano huu ulifaa kwa kuhimiza watu waone lugha kuwa na kazi katika ujenzi wa taifa, na kwa hoja hiyo Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967. Kwa maelezo ya lugha ni nini, haufai.

Imebaki nchi kavu na anga. Vyombo vya usafiri ni usemi mpana unaokusanya gari, treni, ndege, meli na hata baiskeli. Vyombo vya moto ni mwembamba zaidi, na moto hapa ni injini. Usemi huu watumika sana Zanzibar, nao umeenea bara pia, hasa katika vinywa vya polisi wa usalama barabarani. Uzuri wake ni kwamba umekusanya gari, pikipiki na bajaji katika maneno mawili ya nyumbani. Kasoro yake ni kwamba haufuati maneno yake yenyewe. Chetezo, ambacho kwa hakika ni chombo na hutiwa moto, si chombo cha moto. Mashua iliyofungwa mashine ni chombo kwa kila hali na moto inao, lakini dereva wake hataulizwa leseni ya chombo cha moto, kwa kuwa usemi huo umeishia ufukoni. Katika kutunga sheria kasoro hii haina budi kuangaliwa, na kila kifungu kieleze mwanzoni ni vyombo vipi vilivyokusudiwa, vya barabarani au vya majini, maana hakimu atakayesoma kifungu peke yake hana haki ya kudhani.

Katika anga neno limerudi nyumbani. Ndege ilipata jina lake kwa kufananishwa na ndege wa mbawa, lakini kilichowafikisha watu mwezini Julai 1969 hakikuitwa ndege na waandishi wengi wa Kiswahili. Huitwa chombo cha anga. Je, ni chombo kwa kuwa chasafiri kama jahazi, au kwa kuwa chabeba watu kama mtungi ubebavyo maji, au kwa kuwa ni kitu cha kufanyia uchunguzi? Vile visivyo na watu ndani, vilivyopelekwa kupiga picha za sayari, navyo ni vyombo, na kwa hivyo maana ya tatu haiwezi kutupwa. Mtungaji wa kamusi akitakiwa kukiweka chini ya tarakimu moja tu, hatapata mahali.

Ugumu huo ndio unaofaa kumwongoza katika kupanga kidahizo chote. Maana za chombo zisitenganishwe kuwa maneno mbalimbali, kwa kuwa umbo, ngeli na masharti yake mawili ni yale yale. Maana ya kubeba na maana ya kutenda ziwekwe juu kama matawi mawili, na chini ya kila tawi matumizi yake. Jahazi iwe chini ya kubeba, na mbele yake pawe na alama kwamba maana hiyo hukaa zaidi katika umoja. Vyombo vya jikoni na vya nyumba viwe chini ya tawi lilo hilo, na mbele yake alama ya wingi. Vyombo vya Katiba viwe chini ya kutenda, na vyombo vya dola vipewe mstari wao wenyewe, pamoja na ilani kwamba maana ya mazungumzo ni finyu kuliko ya Katiba. Vyombo vya habari na chombo cha anga vitajwe chini ya matawi yote mawili, hata kama mpiga chapa atanung'unikia nafasi.